Tulilipia leseni, mbona video ya bendi yetu imenyamazishwa?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Ninafundisha bendi ya gwaride ya shule. Onyesho letu la msimu huu ni la dakika tisa: tunafungua na kipande cha mtunzi Aaron Copland cha miaka ya 1940, tunaingia kwenye wimbo wa pop ambao kila mtu anaujua, zinafuata ngoma peke yake (mwalimu wetu wa ngoma alizitunga mwenyewe), na kabla ya kufunga kuna sauti ya hotuba ya kihistoria inayotoka kwenye spika. Tulimwandikia mchapishaji wa ule wimbo wa pop, tukalipa, tukapewa barua ya kuturuhusu kuupanga upya kwa ajili ya bendi. Waandaaji wa shindano walituhakikishia kuwa uwanja una leseni ya muziki. Mzazi mmoja alirekodi vizuri sana, tukaiweka video YouTube, na baada ya saa chache dakika mbili nzima zikawa kimya na ukaja ujumbe wa dai la hakimiliki. Hatupati hata senti, tena chini ya video tuliandika kuwa hatudai umiliki wa muziki. Tulikuwa tunafikiria pia kuuza CD na video ili tununue sare. Tumekosea wapi, na tufanye nini sasa?"*

Mwalimu, kwanza tulia. Dai ulilopata si kesi, wala si adhabu kwa akaunti ya shule. Tena mmefanya jambo ambalo bendi nyingi hazifanyi, yaani kuomba ruhusa kabla ya kupanga wimbo. Tatizo ni kwamba mlilipia kitendo kimoja mkafanya kadhaa. Barua ya mchapishaji inahusu kupanga muziki. Leseni ya uwanja inahusu kuupiga mbele ya watu. Kati ya hizo mbili hakuna inayogusa kamera.

Niondoe kwanza mambo mawili yanayowapotosha wengi. Kutopata faida hakuondoi wajibu wa kuomba ruhusa. Kunaweza kusaidia kidogo mahakamani, na katika baadhi ya nchi kunasamehe maonyesho ya ana kwa ana, ila video mtandaoni si onyesho la ana kwa ana. Na yale maneno ya "hatudai umiliki" hayana nguvu yoyote kisheria. Hakuna aliyewashtaki kwa kudai umiliki. Suala ni kutumia bila idhini, na maneno hayo yanathibitisha kuwa mlijua muziki ni wa mtu mwingine. Yafuteni. Ile kanuni ya mitaani kwamba sekunde thelathini ni bure nayo haimo katika sheria ninazozifahamu.

Sheria hutofautiana nchi na nchi, ingawa nyingi zimesimama juu ya Mkataba wa Berne wa 1886. Nitaitumia Marekani mara kwa mara kama mfano, kwa sababu YouTube iko chini ya sheria zake na wachapishaji wengi wa muziki wa bendi wako huko. Masharti ya nchi yako yasome pembeni.

Wimbo mmoja unabeba haki za aina mbili. Kuna utunzi, yaani melodia na maneno, ambao kwa kawaida husimamiwa na mchapishaji. Kuna pia rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio, ambayo mara nyingi ni mali ya kampuni ya rekodi. Bendi yako ikipiga wimbo kwa tarumbeta na tuba haijagusa rekodi ya mtu. Imegusa utunzi. Hapo wengi huteleza: "tumepiga wenyewe" ni kweli, lakini inakuondolea mwenye rekodi tu. Mwenye utunzi bado yupo, na haki zake zimegawanyika kwa vitendo: kupanga upya, kutumbuiza hadharani, kutoa nakala za sauti, kuuoanisha muziki na picha. Kila kitendo kina ruhusa yake, bei yake, na mara nyingi mtu wake wa kumwandikia. Kuruhusiwa kupita shambani si kuruhusiwa kuvuna.

Itoe ile barua ya mchapishaji uisome tena polepole. Barua za aina hii kwa kawaida hutaja jina la wimbo, jina la mpangaji, kundi moja tu linaloruhusiwa, msimu mmoja au miwili, na idadi ya nakala za nota. Hudai maandishi fulani ya hakimiliki yachapwe chini ya ukurasa wa kwanza wa kila nakala. Nyingi husema pia kwamba mpangilio wenyewe unakuwa mali ya mchapishaji, hata kama mpangaji wenu aliusotea mwezi mzima. Maana yake hamwezi kuuuzia bendi nyingine wala kuutumia mwaka kesho bila kulipa tena. Halafu kuna sentensi moja, aghalabu karibu na mwisho, isemayo kuwa ruhusa hii haijumuishi kurekodi sauti wala picha. Sina shaka utaikuta. Isipokuwepo, usifurahi mapema: kisichotajwa hakijatolewa.

Leseni ya uwanja ni jambo jepesi zaidi. Vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi kazi zao zinapotumika (Marekani ni ASCAP, BMI na SESAC, miongoni mwa vingine), humpa mwenye uwanja au mwandaaji leseni ya jumla ya kutumbuiza, na mirabaha hugawiwa watunzi. Leseni hiyo huishia getini. Kurusha mubashara ni mazungumzo mengine, na kuiacha ile video ibaki mtandaoni baada ya kurushwa ni mengine tena.

Sasa tofauti inayowashangaza walimu wengi: CD ni rahisi, video ni ngumu. Marekani kuna leseni ya lazima ya kunakili sauti, kifungu cha 115 cha sheria ya hakimiliki. Wimbo ukishatolewa kwa umma kwa idhini ya mwenyewe, mtu yeyote anaweza kurekodi toleo lake la sauti bila mwenye wimbo kuwa na uwezo wa kukataa, mradi atoe taarifa na kulipa kiwango kilichowekwa. Kiwango hicho kilikuwa senti 9.1 kwa nakala hadi 2022. Mwaka 2023 kikapanda hadi senti 12, au senti 2.31 kwa dakika kwa wimbo unaozidi dakika tano, na tangu hapo hurekebishwa kila mwaka kufuata gharama za maisha. Kwa kiwango cha 2023, CD 300 zenye wimbo wenu wa pop zingewagharimu dola 36 za mirabaha. Tofauti na CD, mitandao ya Marekani ya kusikiliza muziki hulipia upande huu yenyewe tangu 2021, kupitia chombo kiitwacho The MLC.

Leseni hiyo ina mipaka miwili inayowahusu. Inaruhusu kuugeuza wimbo uendane na mtindo wenu wa kupiga, lakini si kubadili melodia ya msingi wala tabia ya wimbo. Mpangaji aliyezisuka nyimbo mbili zipigwe moja juu ya nyingine ameshavuka mstari na anahitaji ruhusa ya moja kwa moja. Pia haihusu kazi za kidrama kama opera na baleti. Copland aliandika baleti kadhaa, kwa hiyo kwa kipande chake andika moja kwa moja kwa mchapishaji.

Video haina leseni ya lazima. Hakuna bei iliyowekwa, hakuna muda wa kujibu, hakuna wa kumlazimisha mtu akubali. Mwenye utunzi anaweza kusema hapana bila kutoa sababu, au asijibu kabisa, na kimya si ridhaa. Na huyo "mwenye utunzi" mara nyingi ni watu wengi. Wimbo wa pop wa siku hizi unaweza kuwa na watunzi wanne chini ya wachapishaji watatu, mmoja akiwa na asilimia hamsini, mwingine arobaini, wa mwisho kumi. Unahitaji ruhusa ya wote watatu. Mwenye kumi akikataa, mmekwama hata kama wengine wawili wameshatia saini. Mikataba yao mara nyingi huwa na kipengele kinachosema kwamba mchapishaji mmoja akilipwa zaidi kwa kiwango cha mgao wake, wenzake nao wapandishiwe hadi hapo. Ndiyo maana bei mliyodhani mmeshakubaliana hupanda dakika za mwisho. Hii pia ndiyo sababu hata waandaaji wakubwa wa mashindano, wenye wanasheria wao, hutoa video ambazo kipande kimoja kimenyamazishwa huku bendi ikiendelea kutembea uwanjani bila sauti.

Kilichotokea YouTube ni kwamba mfumo wao wa Content ID hulinganisha sauti ya kila video na hifadhi ya kazi ambazo wenyewe wamezisajili. Watu hudhani hutambua rekodi tu. Hapana, unaweza kutambua melodia hata ikipigwa na bendi ya uwanjani katikati ya vifijo. Mwenye kazi huwa amechagua mapema la kufanywa: kuzuia, kuachia video na kuchukua mapato ya matangazo, au kufuatilia takwimu tu. Ndiyo maana bendi jirani inaweza kuwa na wimbo uleule mtandaoni bila bughudha, au video yenu ikakaa mwaka mzima kisha ikafungwa ghafla. Huo ni uvumilivu wa mwenye mali, na anaweza kuuondoa siku yoyote.

Fungua maelezo ya dai utazame kitu kimoja kabla ya vingine: linahusu utunzi au rekodi? Kama ni utunzi wa wimbo wa pop, dai ni sahihi. Kama linasema rekodi ya sauti na mnajua hamkutumia kipande chochote cha rekodi kwenye spika zenu, mfumo umekosea na mna haki ya kupinga. Angalia pia dakika zilizotajwa. Ikiwa zimeangukia zile ngoma alizotunga mwalimu wenu, pingeni bila woga.

Lakini usibonyeze kupinga kwa hasira. Ukipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Akikataa, unaweza kukata rufaa, naye ana siku 7. Asiporidhika anaweza kutuma ombi rasmi la kuiondoa video, na hapo ndipo akaunti hupata onyo la hakimiliki. Maonyo matatu ndani ya siku 90, akaunti inaweza kufungwa pamoja na kila kitu mlichowahi kuweka. Kwa ule wimbo wa pop huna hoja ya kupingia, kwa sababu barua yako haiihusu video. Njia salama ni kutumia kihariri cha YouTube chenyewe kukata sehemu iliyodaiwa au kuuondoa wimbo huo, na dai lenyewe hufutika. Au acheni video ilivyo, na ukimya wake.

Copland huyo anahitaji kuangaliwa upya, maana katika swali lako sijaona barua yoyote inayomhusu. Nadhani mlimchukulia kama "muziki wa zamani". Alifariki 1990. Kipande kilichochapishwa 1945 kinalindwa Marekani kwa miaka 95, yaani hadi mwisho wa 2040, na katika nchi zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi ni hadi mwisho wa 2060. Kwa hiyo mpangilio wenu wa Copland hauna ruhusa hata ya kwanza, na kwa maoni yangu hilo ni zito kuliko dai la YouTube, ambalo lina njia ya kutokea. Mwandikieni mchapishaji wake sasa, mkieleza wazi mlichofanya, kabla ya shindano linalofuata.

Umri wa muziki hupotosha kwa namna nyingine pia. Baleti za Igor Stravinsky za 1910 na 1913 ni mali ya umma Marekani, lakini yeye alifariki 1971, na nchi za Ulaya zenye kanuni ya miaka 70 zitazilinda hadi mwisho wa 2041. Video ya mtandaoni huonekana kote kuwili. John Philip Sousa, mtunzi wa muziki wa gwaride aliyefariki 1932, hana tatizo hilo. Ila kuwa makini: utunzi ukiwa huru, mpangilio mpya mlioununua dukani bado una mwenyewe. Pangeni wenyewe kutoka kwenye nota za awali.

Hotuba mnayoipiga kwenye spika ina haki mbili vilevile, maneno na rekodi. Kumwomba mwanafunzi mwenye sauti nzuri aisome upya kunaondoa tatizo la rekodi, si la maneno. Hotuba ya Martin Luther King ya 1963, inayopendwa sana katika maonyesho ya namna hii, inalindwa na warithi wake wameitetea mahakamani. Kwa upande mwingine, hotuba ambayo ofisa wa serikali kuu ya Marekani ameiandaa kama sehemu ya kazi yake haina hakimiliki nchini humo. Kwa hiyo jibu linategemea ni hotuba ya nani, na aliitoa akiwa nani.

Utasikia watu wakitaja "matumizi ya haki" (fair use), yaani kutumia kazi ya mtu bila ruhusa pale sheria ya Marekani inapoona ni halali, na watakutajia kesi ya Tresóna dhidi ya chama cha muziki cha shule ya Burbank, California. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Marekani iitwayo ya mzunguko wa tisa iliamua kwa faida ya upande wa shule, na kwa wimbo mmoja ikasema wazi kuwa yalikuwa matumizi ya haki. Ni habari njema kwa walimu, lakini soma mazingira yake: kwaya ilitumia sekunde zipatazo 20 za wimbo huo katika onyesho la dakika 18, ikaugeuza kuwa sehemu ya hadithi mpya, na suala halikuwa video ya kuuza. Ninyi mna dakika mbili za wimbo unaotambulika mara moja. Zaidi ya hapo, matumizi ya haki ni utetezi unaoutoa baada ya kushtakiwa, kwa gharama za wakili. Sishauri shule ipange msimu mzima juu ya utetezi.

Kuhusu sare, basi. Ningekuwa mshauri wenu ningechagua CD, au albamu kwenye mitandao ya kusikiliza, ikiwa na wimbo wa pop kwa leseni ya kunakili, ngoma zenu, na Copland kama mchapishaji atakubali. Hotuba ibaki nje. Kwa wimbo wa pop, katika maombi taja kabisa kwamba mnarekodi mpangilio ule ule ulioruhusiwa, ili barua ya kwanza isije ikatumiwa dhidi yenu. Video ya kuuza nisingeigusa, isipokuwa ya ngoma peke yake. Hizo ni zenu, ili mradi mwalimu wa ngoma aandike kwa mkono wake kuwa anaruhusu kurekodiwa na kuuzwa. Asipokuwa mwajiriwa aliyetunga kama sehemu ya kazi, utunzi ni wake, si wa shule. Na yule mzazi mwenye kamera ndiye mwenye hakimiliki ya picha alizopiga. Naye aandike. Ridhaa ya wazazi wa watoto wanaoonekana nadhani mnayo tayari.

Msimu ujao badilisheni mpangilio wa kazi. Ruhusa huombwa kabla mpangaji hajaandika nota ya kwanza, kwa sababu vijana wakishakariri hatua na nota hamna tena uwezo wa kusema "basi tutachagua wimbo mwingine", na mchapishaji anajua hilo. Miezi minne hadi sita kabla ya onyesho la kwanza si mapema mno. Tafuteni watunzi wote na migao yao katika hifadhidata za vyama vya mirabaha, ambazo nyingi ziko wazi kwa umma. Kisha katika barua moja ombeni vitu vyote kwa pamoja: kupanga, kunakili sauti, na kuoanisha na picha, mkitaja dakika na sekunde mtakazotumia, ala, idadi ya nakala, video itawekwa wapi, nchi gani na kwa muda gani. Wekeni tarehe ya mwisho ya kupokea jibu na wimbo wa akiba. Ikiwa kupanga kumekubaliwa na video imekataliwa, mnaweza bado kuuchagua wimbo huo. Tofauti ni kwamba mmechagua mkijua hautaonekana mtandaoni.

Kuna mahali ambapo majibu ya kuandika kama haya hayatoshi, na unahitaji kukaa na wakili wa hakimiliki au kufika ofisi ya hakimiliki ya nchi yako ukiwa na karatasi zako zote mkononi. Barua ya wakili yenye tarehe ya mwisho ni mojawapo. Usiijibu mwenyewe, hata kwa kuomba radhi. Nyingine ni kabla ya kutuma ilani ya kukanusha (barua rasmi ya kutaka video irudishwe) baada ya video kuondolewa, kwa sababu hapo unakubali kushtakiwa, na mdai akifungua kesi ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi video hairudi. Marekani fidia ya kisheria ni kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi iliyosajiliwa, na inaweza kufika 150,000 ikithibitika mlifanya makusudi. Ya tatu ni mkataba wa shindano. Waandaaji wengi huandika kuwa bendi inawapa haki ya kurekodi na kuuza onyesho, na papo hapo kuwa bendi ndiyo inayothibitisha kuwa ruhusa zote zipo na itabeba hasara zikikosekana. Kwa Copland asiye na barua, saini hiyo inaiweka shule pabaya. Kama mmeshasaini, mwonyeshe wakili kipengele hicho wiki hii, na mwambieni mwandaaji kwa maandishi asiuze video yenu hadi mtakapomthibitishia.